Mkono Mwingine Kwenye Herufi

2 Julai

Mume wangu,

Na hilo la foronya uliyonitumia bado sijalimaliza, ni karatasi tu iliyoniishia juzi. Nilikuwa nasema kwamba nimeilalia siku tatu mfululizo, na leo nimefika kazini jina langu limejichora shavuni, kinyumenyume. Shoga yangu wa mashine ya pili akaniinamia, akasoma herufi moja moja.

"Ukirihi," akasema. "Hiyo si dawa ya minyoo?"

"Ni Chiriku," nikamwambia. "Mume wangu ndiye aliyenipa jina hilo, na ndiye aliyelidarizi."

"Na kioo hajakupa?"

Mwache. Mume wake humtumia ujumbe wa "nunua sabuni", naye huuonyesha karakana nzima. Jana aliniuliza kwa nini mimi na wewe tunaandikiana barua ilhali kila mtu ana simu. Nikamwambia simu haikufai. Kwenye simu wewe ni "mm" na "sawa" na "haya basi", ndiyo maana wanakuita Kimya. Kwenye karatasi nakupata. Na kwa kuwa kifurushi cha kazi lazima kipande basi mara mbili kwa wiki, na ile flashi ya mafaili ya herufi lazima ifungwe ndani ya kitu isivunjike, basi na ifungwe ndani ya mapenzi yangu.

Wiki saba za ndoa, na katika hizo tumelala chumba kimoja siku tisa. Siku nyingine zote wewe uko huko ofisini unapanga herufi kwenye kompyuta, na mimi niko huku nazipitisha kwenye sindano. Shoga anasema hiyo si ndoa, ni kampuni. Sijali. Ningekuwa na kampuni na wewe maisha yangu yote.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinicheke. Faili la foronya lilikuwa bado kwenye flashi. Wakati wa mapumziko nikalifungua kwenye kompyuta ya mashine. Nikabonyeza C. Kile kisanduku cha upana wa mshono kikaonyesha milimita mbili. Nikabonyeza h: moja nukta nane. Nikabonyeza i: moja nukta tano. Kimya wangu, hakuna herufi mbili zenye upana mmoja. Hata zile i mbili umezitofautisha. Ya kwanza umeipunguza kidogo kwa sababu imebanwa kati ya h na r, na ya pili umeiacha ipumue.

Mimi nimeshona herufi zako tangu hujanitamkia neno hata moja. Najua unavyofanya. Unachagua neno zima, unaandika namba moja, unakwenda kunywa chai. Kwangu hukwenda kunywa chai. Ulikaa na kila herufi ya jina langu peke yake, ukaipima, ukaiuliza inataka nini. Nimesoma mpaka kidato cha nne na hakuna shairi lililowahi kuniliza, lakini leo nimelizwa na kisanduku cha milimita.

Nimeibusu ile skrini. Kidogo tu, na hakuna aliyeona isipokuwa Mama Msimamizi.

Mkeo anayekupenda kuliko usingizi,
Chiriku


5 Julai

Mke wangu,

Barua imefika, na flashi pia. Nafurahi foronya imekupendeza. Kuhusu shavu, lalia upande usio na maandishi.

Usiwafungulie watu faili lile. Ni foronya tu.

Huku kazi imeongezeka. Ofisi imeleta kompyuta ya pili mwezi uliopita, imewekwa dirishani. Kwenye flashi nimekuwekea fulana za timu ya mpira wa wavu na aproni za kiwanda cha mikate. Fulana ziwekee karatasi nzito ya kukazia nyuma, kwa sababu kitambaa chake huvutika, na kikivutika herufi hukonda.

Nakukumbuka. Chumba changu kimekuwa kimya hata kwangu mimi.

Wako,
Kimya


8 Julai

Kimya wangu,

Radi ni nani?

Nauliza kwa upendo. Nimeshona fulana kumi na nne za wale wasichana wa mpira wa wavu, na mgongoni kila mmoja ana jina lake la uwanjani. Kuna Kisu, kuna Mama Nyavu, kuna Radi. Radi ana herufi nne tu, na zote nne umezipa upana wake. R umeinenepesha mguu. D umeipunguza tumbo. Nikajiambia basi, labda Radi ni ndugu wa mtu ofisini. Nikafungua Kisu, hivyo hivyo. Mama Nyavu ana herufi tisa, na zote tisa umeziuliza zinataka nini.

Kwa hiyo kile nilichokililia mimi ndicho ulichowapa timu nzima, pamoja na wachezaji wa akiba.

Radi amekuja mwenyewe kuchukua fulana. Ana miguu mirefu kama ngazi, na alipoivaa akajigeuza mbele ya kioo cha karakana akasema, "Aliyeandika hii ana mkono wa mapenzi." Shoga akanitazama. Mimi nikaendelea kukunja.

Lakini si hilo tu lililoninyima raha, maana ningeweza kusema mume wangu ameongeza ufundi na kumshukuru Mungu. Jioni nikaanza zile aproni za mikate. Nikabonyeza herufi ya kwanza: moja nukta nne. Ya pili: moja nukta nne. Neno zima moja nukta nne, kutoka mwanzo hadi mwisho. Huyo ndiye wewe ninayemjua. Huyo alikwenda kunywa chai.

Sasa niambie, mume wangu. Flashi moja, wiki moja, ofisi moja. Aproni zina mkono wako, nao naujua kama ninavyoujua mlio wa viatu vyako. Fulana zina mkono ule wa foronya. Ni mtu mmoja mwenye mikono ya aina mbili, au ni watu wawili?

Na kwenye kompyuta ya dirishani anakaa nani?

Usinijibu "mm".

Nakupenda. Nakupenda sana, na leo upendo wenyewe unawasha kama sufu.

Mkeo,
Chiriku


11 Julai

Mke wangu,

Radi simjui. Sijawahi kumwona, na miguu yake nimeisikia kwako.

Dirishani anakaa mfanyakazi mpya. Mfanyakazi huyo alikuwa mchora mabango kabla ya kuja kwetu. Mfanyakazi mpya anashughulika na herufi ndogo, mimi nimebaki na zile kubwa. Ni mgawanyo wa kazi tu.

Kwenye flashi kuna makoti thelathini na sita ya maabara ya meno. Maandishi ni madogo sana, yanakaa juu ya mfuko wa kifuani. Upana umepimwa tayari, herufi kwa herufi. Tafadhali usiuguse.

Huku kumepoa siku mbili hizi. Vaa ile sweta ya kijani uliyoniambia unaipenda, kama na kwenu kumepoa.

Wako,
Kimya


13 Julai

Mume wangu,

Umeandika "mfanyakazi mpya" mara mbili, na katikati ukaweka "mfanyakazi huyo", kama mtu anayeruka madimbwi ili viatu visilowe. Sikuuliza anafanya kazi gani. Umesahau kuniambia kama huyo mfanyakazi huvaa suruali au gauni, na wewe si mtu wa kusahau. Wewe hukumbuka sweta.

Basi sikuhitaji uniambie. Nimekwenda kuchukua kifurushi stendi, na karani wa mizigo anayesafiri na basi, ambaye ni mtu wa maneno kama mimi, akaniambia, "Leo kimepakiwa na yule dada yenu wa kofia nyekundu." Nikasema, "Ah, yule." Akasema, "Mcheshi sana." Nikasema, "Sana." Nikabeba kifurushi nikarudi nacho, na kilikuwa chepesi lakini mkono uliniuma mpaka begani.

Ana umri gani? Ni mcheshi kuliko mimi? Anapokaa dirishani mwanga unamwangukia upande gani, na wewe kiti chako kinatazama wapi? Anapofika kwenye namba inayomshinda, wewe huinuka ukaja kusimama nyuma ya kiti chake kama ulivyokuwa ukisimama nyuma ya changu? Mimi sikusahau jinsi ulivyonifundisha kuweka fremu ya kubana kitambaa. Hukusema neno, ila niliijua pumzi yako kwenye shingo kabla sijalijua jina lako.

Barua hii naiandika mashine ikiendelea. Vichwa sita vinapiga kwa pamoja, makoti sita kwa raundi moja, na sasa ni raundi ya nne. Kazi inakwenda. Kile kilichohitaji kurekebishwa nimekirekebisha mwenyewe.

Mkeo bado,
Chiriku


16 Julai

Mke wangu,

Mama Msimamizi amepiga simu ofisini jana asubuhi. Makoti yote thelathini na sita yameharibika. Amesema a zote zimeziba, e imekuwa donge, na sindano imekitoboa kitambaa mpaka kinapitisha mwanga. Meneja akauliza nani alitengeneza faili. Mama Msimamizi akasema fundi wa mashine, yaani wewe, amemwambia faili limetoka kwetu likiwa hivyo.

Dada Mabango ndiye aliyelitengeneza. Wamemtoa kwenye kompyuta. Amepewa mkasi, anakata nyuzi zinazoning'inia kwenye fulana zilizoshonwa kwa mashine yetu ndogo ya majaribio, na mwisho wa mwezi meneja ataamua kama anabaki au anaondoka.

Ndiyo, ni mwanamke. Amekuzidi mwaka mmoja. Ndiyo, ni mcheshi.

Nina la kukuambia, na nimelibeba tangu barua yako ya tarehe mbili. Foronya sikuidarizi mimi. Yaani nilianza mimi, ikanishinda. Kila nikiandika namba moja, jina lako lilitoka kama nembo ya gunia. Nikajaribu kubadilisha herufi moja moja, zikatoka kama watu waliopanga foleni kwa kusukumana. Basi lilikuwa linaondoka. Akaitengeneza yeye.

Nilitaka kukwambia. Halafu ikaja barua yako. Umelia, umeibusu skrini, umeona i mbili. Tangu nikujue hujawahi kuandika hivyo kuhusu kitu chochote nilichokifanya mimi. Ningeandikaje "si mimi"? Nikaandika "ni foronya tu", nikajiona nimesema kweli.

Unadhani wewe ndiye mwenye wivu katika ndoa hii. Mimi nimekaa wiki mbili mita tatu kutoka kwa mtu ambaye mke wangu amempenda kwa mkono wake, na mtu mwenyewe hata hajui. Radi amesema ana mkono wa mapenzi. Ukaniandikia hilo mimi, nami nikaangalia dirishani nikatamani lile dirisha lizibwe kwa matofali.

Naomba uniambie ukweli wa makoti. Uliyagusa?

Kimya


17 Julai

Wifi,

Nakuita wifi kwa sababu mume wako ananiita dada. Kama neno hilo halikupendezi, mwambie yeye alibadilishe. Wengine huniita Mabango. Miaka sita nilikuwa juu ya ngazi nachora majina ya maduka, na kwenye bango ukikosea unapaka rangi juu ya kosa. Kwenye koti haiwezekani. Sindano ikishapita, hata ukifumua uzi wote, matundu yanabaki.

Flashi imerudi na nimelifungua faili kwa siri. Mimi nililipeleka kwako kila herufi ikiwa na upana wake. Limerudi lina moja nukta nne kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Hiyo si namba yangu. Ni namba ya mumeo, lakini siku hiyo mumeo alikuwa mbele yangu anatafuna karanga juu ya kibodi. Kwa hiyo ni mtu mwingine anayeijua namba ya mumeo kwa moyo. Watu hao hawazidi mmoja duniani.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la nne. Herufi e ina mistari mitatu ya kulala. Kwenye koti lile e ina kimo cha milimita nne. Moja nukta nne mara tatu ni ngapi? Ni zaidi ya e yenyewe. Uzi utakwenda wapi, wifi, kama si kupanda juu ya uzi mwenzake? Kwenye aproni namba hiyo inafaa, herufi zake ni kubwa kama viganja. Kwenye mfuko wa daktari wa meno ni kumziba mtu pua.

Sijamwambia meneja. Nimekwambia wewe, kwa sababu ni wewe.

Mume wako simtaki. Anapofikiri anavuma kama friji. Foronya yako aliijaribu mara kumi na moja, nimezihesabu, maana alizificha kwenye droo yangu. Nikamwambia leta nikusaidie, akakataa siku nne nzima, uso umemvimba kama mtoto aliyenyimwa zamu. Siku ya tano alinisogezea kiti bila kusema kitu. Nikafanya kwa dakika ishirini. Hizo dakika ishirini ndizo unazonionea wivu, na nimeziuza kwa bei mbaya, kwa sababu sasa nina mkasi badala ya kiti.

Nataka kiti changu. Hicho tu.

Na jambo moja la mwisho. Ile barua yako ya kwanza, mumeo alinisomea kipande kimoja kwa sauti, na haikuwa sauti ya mtu mwenye furaha. Kile cha i mbili. Nimeandika majina ya maduka mia tatu na zaidi. Wenye maduka huuliza kama rangi itadumu. Hakuna aliyewahi kuziona i zangu.

Mabango


20 Julai

Dada Mabango,

Barua yako nimeisoma mara tano. Mara mbili za kwanza nilitafuta neno la kukuchukia nalo, nikapata "karanga", kwa sababu hata mimi sikujua kama siku hizi anakula karanga.

Makoti ni mimi. Nilichagua herufi zako zote kwa mara moja, nikaandika namba ya mume wangu, nikahifadhi. Nilitaka kuufuta mkono wako kwenye faili. Leo nimekwenda kusema kwa Mama Msimamizi, na kabla sijamaliza kusema alikuwa ameshashika simu kumpigia meneja wenu. Nadhani utapata habari zako kabla ya barua hii kufika.

Naomba radhi. Sijui kama napaswa kukuomba radhi kwa wivu pia, kwa sababu huo bado sijaumaliza.

Ile i ya kwanza, uliipunguza kwa sababu imebanwa, au kwa sababu nyingine? Naomba unijibu kama fundi kwa fundi.

Chiriku


22 Julai

Mume wangu,

Nianze na makoti. Niliyagusa, na si kwa bahati mbaya. Nataka ulijue lote. Raundi ya kwanza ilipotoka niliona. Makoti sita yalikuwa mbele yangu, a zimefumba macho, e imekuwa kokwa. Ningezima mashine. Badala yake nikaweka fremu nyingine sita, na nyingine, huku nakuandikia wewe barua, na kila nikitazama maandishi yale yanavyoharibika nilisema moyoni, haya, na waone mkono wake sasa. Mama Msimamizi alipouliza, nikasema faili limekuja hivyo. Sikusema jina la mtu, nikajidanganya kwamba sijamtaja mtu.

Juzi nilimfuata kabla hajakaa kitini.

"Makoti ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Nilibadilisha upana."

"Wa herufi gani?"

"Zote."

"Kwa sababu gani?"

Hapo nikaanza kukunja aproni iliyokwisha kukunjwa. Shoga akajibu kutoka mashine ya pili, bila kuacha kutunga uzi. "Wivu, mama. Hana hata wiki kumi za ndoa."

Mama Msimamizi akainyakua simu mezani. "Wivu uwe nao nyumbani kwako," akasema. "Usiushone kwenye mfuko wa daktari." Akapiga simu hapo hapo. Akamwambia meneja wenu arudishe mtu kwenye kiti chake leo, si kesho, na akasema kosa ni la karakana yake. Hakusema ni la kwangu. Hilo limeniuma kuliko kama angenitaja.

Kisha akanitoa kwenye mashine. Nimekaa siku mbili nakata nyuzi, kwa mkasi kama ule aliopewa Mabango, na nimegundua kwamba mtu anayekata nyuzi huona kazi za wenzake kwa karibu sana.

Sasa wewe.

Ungeniambia. Nilikuandikia kurasa mbili za mapenzi, zikaenda kwa mtu mwingine, na wewe ukazipokea kama anayepokea barua ya jirani, akaifungua, akaisoma, akaiweka mfukoni. Ningeweza kuvumilia kusikia kwamba ulimsifu yeye. Lakini aliyemsifu ni mimi. Mimi ndiye niliyemlalia siku tatu, mimi ndiye niliyembusu, mbele ya Mama Msimamizi. Nimetafuta mtu wa kumkasirikia katika hilo na kila nikizunguka najikuta mwenyewe.

Na ulipoandika kwamba ulitamani lile dirisha lizibwe, niliiweka karatasi mezani nikacheka peke yangu mpaka Shoga akaja kuangalia. Kumbe na wewe. Kumbe mita tatu kutoka pale umekaa unaungua kimyakimya, na mimi huku naungua kwa kelele, na tunayemwonea wivu ni mmoja, kila mtu kwa sababu yake. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba ndoa ina siku za namna hii. Naipenda hata hivyo.

Zile kumi na moja usizitupe. Nazitaka zote, hata ile ya kwanza ya gunia. Mabango anafanya kwa dakika ishirini kwa sababu anajua. Wewe ulifanya siku nne ukiwa hujui, na hukwenda kunywa chai. Nilichokuandikia tarehe mbili hakikuwa uongo, nilikosea foronya tu.

Bado nina wivu. Nimejipima asubuhi hii nilipokuwa napiga mswaki, nikajiuliza, Mabango amekaa kitini? Amekaa. Ni mcheshi? Ni mcheshi. Unafurahi? Kidogo. Amenijibu kwa simu, kwa taarifa yako. Amesema ile i ya kwanza aliipunguza kwa sababu h ilikuwa na uzi wa kutosha kwa wote wawili. Ni jibu zuri sana, na limeniudhi, kwa sababu ningependa kulisikia kwako.

Adhabu yangu imetoka leo. Mama Msimamizi amesema makoti mapya thelathini na sita yatashonwa huko kwenu, kwenye ile mashine ndogo ya majaribio, na atakayeyabeba ni mimi. Nitakaa kando ya Mabango siku nane, nipange maandishi yale upya kwa mkono wangu, na sitaondoka pale mpaka e yangu ipitishe hewa. "Na utalala wapi?" akaniuliza, kwa uso mkavu kabisa. Nikasema nina mtu ninayemfahamu. Akasema, "Mm." Nimeona sasa ulijifunzia wapi.

Kwa hiyo panga viti. Mabango abaki dirishani, ni haki yake. Wewe baki ukutani. Changu kiwekwe katikati, na sitaki kisogezwe hata kwa sababu ya kufagia. Nikikwama kwenye namba nitamuuliza yeye, kwa kuwa yeye ndiye anayejua, na wewe utainuka, utakuja kusimama nyuma yangu, hutasema neno, na hutasimama nyuma ya mtu mwingine yeyote siku zote nane.

Makoti yanafika hapa tarehe ishirini na sita. Nikishayahesabu na kuyafunga nitapanda basi la tarehe ishirini na nane, lile la asubuhi, na kabla mwezi huu haujaisha utasikia nabisha mlangoni kwako, nimelowa jasho, na makoti thelathini na sita mikononi. Fungua haraka.

Mkeo,
Chiriku